Dk. Leader Stirling: Daktari wa Lulindi aliyepewa Wizara ya Afya

Na Mwandishi Wetu, Chiwata – Masasi

Mwaka 1935 daktari wa upasuaji mwenye umri wa miaka 29 aliwasili Masasi akitokea Uingereza. Hakuja kwa ajira ya serikali ya kikoloni, bali alitumwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kukaa kusini mwa nchi kwa zaidi ya nusu karne. Kituo chake kilikuwa Lulindi. Hospitali aliyoifanyia kazi ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, kama nyumba nyingine za wanakijiji waliofika kutibiwa humo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1975, mtu huyohuyo aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Jina lake lilikuwa Leader Stirling. Leader ni jina alilopewa na wazazi wake, si cheo, ingawa wengi waliolisikia kwa mara ya kwanza wanaweza kudhani vingine. Alizaliwa Januari 1906 na kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha London. Alifariki dunia mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 97, raia wa Tanzania, katika nchi ambayo aliishi kwa sehemu kubwa zaidi ya maisha yake kuliko ile aliyozaliwa.

Makala haya hayakusudii kueleza kila alichofanya. Yanamfuata kwa njia moja tu: ile ya maradhi mawili yaliyokuwepo alipofika, yaliyokuwepo alipokuwa waziri, na ambayo hadi leo yanahudumiwa na dirisha moja katika vituo vya afya vya wilaya hii, kuanzia Masasi mjini hadi Chiwata. Maradhi hayo ni ukoma na kifua kikuu. Bakteria wanaoyasababisha ni ndugu wa ukoo mmoja, na ujanja wao mkuu ni mmoja pia: kujificha ndani ya seli zilezile ambazo mwili umezipa kazi ya kuwaua.

Kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1930 hakukuwa na barabara ya kuaminika ya kwenda Dar es Salaam. Mto Rufiji ulikuwa mpaka wa kweli, na masika ilipofika eneo lote lilitegemea meli za Lindi na Mikindani. Kwenye uwanda wa Makonde wenyewe tatizo lilikuwa maji. Mchanga wa juu hunyonya mvua yote, na kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kuchota na kupanda tena na mtungi. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela na ndugu zake. Daktari wa Lulindi alikuwa akimpokea mgonjwa ambaye, mara nyingi, ugonjwa wake ulikuwa na wiki nyingi na safari ya siku kadhaa nyuma yake.

Stirling alikuwa mpasuaji, na upasuaji ndio uliompa jina. Lakini mpasuaji aliye peke yake katika eneo kubwa kiasi hicho hana anasa ya kuchagua. Alizalisha, aling'oa meno, alitibu vidonda ndugu, minyoo na malaria. Jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko operesheni zote alizofanya ni kwamba aliwafundisha vijana wa Kiafrika, wavulana kwa wasichana, kazi ya uuguzi, wakati ambapo wengi katika utawala wa kikoloni waliona Mwafrika anatosha kuwa mfagiaji wa wodi au mfungaji wa vidonda. Hospitali ya nyasi inaweza kuungua au kuliwa na mchwa. Muuguzi aliyefunzwa vizuri huhama na ujuzi wake.

Ukoma ulikuwa sura ya pekee katika kazi ya hospitali za misheni za kusini. Wabenedikto wa Ndanda walikuwa na makazi ya wagonjwa hao huko Mwena, na misheni za Kianglikana nazo zilikuwa na ya kwao. Makazi hayo yalikuwa vijiji vilivyotengwa, vyenye mashamba, kanisa na makaburi yake. Mtu aliingia humo baada ya ndugu kuona mabaka na vidole vilivyoanza kukunjamana, na mara nyingi hakutoka tena. Hakuna sababu ya kuyalaumu makazi hayo moja kwa moja, kwa kuwa yaliwapa chakula na paa watu waliofukuzwa kwao. Hata hivyo, dawa iliyokuwepo haikustahili kuitwa dawa. Yalikuwa mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra, yaliyochomwa kwa sindano chini ya ngozi, yenye maumivu makali na faida ndogo.

Kwa nini ukoma uliwashinda madaktari kwa muda mrefu hivyo? Bakteria wake alikuwa amejulikana tangu mwaka 1873, alipotambuliwa na Gerhard Armauer Hansen mjini Bergen, Norway. Hiyo ni miaka tisa kabla ya Robert Koch kutangaza bakteria wa kifua kikuu. Hansen aliwaona vijiti wale wakiwa wamesongamana ndani ya seli za wagonjwa, si nje yake. Jambo hilo lilionekana kuwa la kawaida wakati ule. Leo tunajua kwamba ndilo fumbo lenyewe.

Miongoni mwa seli nyeupe zinazolinda mwili zimo seli kubwa zinazoitwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff ndiye aliyeliona jambo hilo mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipomchoma kwa mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pwani na kuona seli zikikusanyika kuuzunguka mwiba. Makrofaji inapokutana na bakteria humzungushia sehemu ya utando wake, ikamvuta ndani. Matokeo yake ni kifuko kidogo kinachoelea ndani ya seli, na mfungwa akiwa ndani. Kwa kawaida kifuko hicho huungana na vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya vinavyosaga, viitwavyo lisosomu, na mfungwa huyeyushwa. Hivyo ndivyo mwili unavyoshughulikia bakteria wengi kila siku bila mwenye mwili kujua.

Bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma wamejifunza kuzuia muungano huo. Wanaingia kwenye kifuko kama wengine, kisha wanakifanya kibaki kichanga, kisichochacha wala kuungana na chochote. Gereza linageuka nyumba. Mfano ulio karibu nasi ni wa mwizi aliyejifungia ndani ya kihenge cha mahindi: walinzi wanazunguka kijiji kizima usiku kucha, lakini hakuna anayemwona, na akiba ya chakula iko pamoja naye. Kingamwili zinazoelea kwenye damu, ambazo ni silaha nzuri dhidi ya maradhi mengi, haziwezi kupenya kuta mbili, ukuta wa seli na ukuta wa kifuko.

Bakteria wa ukoma huongeza ubaya mwingine. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, yaani ngozi, masikio, pua, mikono na miguu, na huingia pia katika seli zinazoifunika mishipa ya fahamu. Huzaliana polepole mno. Bakteria wengi wa kuharisha hugawanyika kila nusu saa, ila huyu huchukua takriban wiki mbili kugawanyika mara moja. Ndiyo maana dalili huweza kuonekana miaka mitano, au hata 20, baada ya kuambukizwa. Hajawahi kukuzwa katika chupa ya maabara. Watafiti walilazimika kusubiri hadi mwaka 1960 kuweza kumwotesha kwenye nyayo za panya.

Stirling na wenzake hawakuwa na elimu hiyo yote, lakini waliona matokeo yake kwa macho. Waliona kwamba ukoma si ugonjwa wa sura moja. Mgonjwa mmoja alikuwa na baka moja au mawili makavu, yasiyo na hisia, na bakteria wachache kiasi cha kutoonekana kwa darubini. Mwingine alikuwa na uso uliovimba na ngozi iliyojaa bakteria bila idadi. Tofauti hiyo haitokani na bakteria. Inatokana na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Kuna seli nyingine za ulinzi, aina ya T, ambazo haziwezi kumwona bakteria ndani ya kifuko, ila huweza kusoma vipande vyake vinavyoning'inizwa na makrofaji kwenye uso wa nje. Zikivisoma, hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo ni amri kwa makrofaji iliyolala: amka, ukiunguze kilichomo kifukoni. Mwenye mabaka machache ni mtu ambaye amri hiyo inatolewa na kusikika. Aliyejaa bakteria ni mtu ambaye walinzi wake wamenyamaza. Hata hivyo, amri kali nayo ina gharama, maana vita vinavyopiganwa ndani ya mshipa wa fahamu huharibu mshipa wenyewe.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa za jamii ya salfoni zilipoanza kutumika. Majaribio yalianzia Carville, Marekani, mwaka 1941. Muda si mrefu dapsoni, kidonge cha bei ndogo, kikaenea Asia na Afrika. Kwa mara ya kwanza katika historia, mgonjwa wa ukoma alimeza kitu kinachomfikia bakteria alikojificha. Milango ya makazi ya wagonjwa ikaanza kufunguka.

Katika kipindi hichohicho maisha ya Stirling yalibadilika. Mwaka 1949 alijiunga na Kanisa Katoliki, akaiacha Lulindi na UMCA, akahamia hospitali ya Wabenedikto iliyopo Mnero, Nachingwea. Alikaa huko hadi mwaka 1964. Miaka yake ya mwanzo Mnero iligongana na kuporomoka kwa mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake. Fedha nyingi zilizikwa katika udongo ule bila mavuno ya maana, ingawa bandari ya Mtwara ni moja ya vitu vilivyobaki. Mwaka 1952, uwanda wa Makonde ulipata mlipuko wa homa yenye maumivu makali ya viungo, na jina ambalo dunia nzima hulitumia leo kwa homa hiyo, chikungunya, lilitokana na Kimakonde, likieleza mtu aliyejikunja kwa maumivu. Huo ni ugonjwa wa virusi na una habari yake tofauti. Tunautaja kwa sababu unaonyesha ni mara ngapi wilaya hizi za pembezoni zimeufundisha ulimwengu wa tiba jambo jipya.

Siasa ilimkuta Stirling akiwa Mnero. Mwaka 1958 utawala wa kikoloni uliweka utaratibu wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi wa TANU walitaka chama kisusie. Mkutano wa Tabora wa Januari mwaka huo uliamua kushiriki, na uamuzi huo ukazaa hitaji ambalo halikutarajiwa: chama cha Waafrika sasa kilihitaji wagombea wa Kizungu na wa Kiasia kinaoweza kuwaamini. Stirling alikuwa mmoja wao. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Hakuwa mwanasiasa wa majukwaa. Watu wa kusini walimfahamu kwa miaka zaidi ya 20 ya kazi ya wodini, na huenda hakuna kampeni iliyo bora kuliko hiyo.

Baada ya Uhuru alichukua uraia, akabaki bungeni, na akawa pia Skauti Mkuu wa nchi. Mwaka 1964 alihamia Hospitali ya Kibosho, mkoani Kilimanjaro, alikofanya kazi hadi mwaka 1969. Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Idadi inayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na madaktari Waafrika 12 tu. Azimio la Arusha la 1967 na sera zilizofuata ziliamua kwamba fedha za afya zitoke katika hospitali kubwa za mijini ziende kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Kwa mtu aliyeanzia kwenye hospitali ya nyasi, hiyo haikuwa nadharia.

Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 69, na aliitumikia nafasi hiyo hadi mwaka 1980. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka huohuo wa 1975. Ndani yake imo chanjo ya BCG, ambayo watoto huchanjwa mkononi mapema baada ya kuzaliwa. Wazazi wengi wanaijua kuwa ni ya kifua kikuu. Ni wachache wanaojua kwamba hukinga pia, kwa kiasi, dhidi ya ukoma, kwa sababu ya undugu wa bakteria wale wawili: makrofaji na seli za T zilizofundishwa kumtambua mmoja humtambua na wa pili.

Jambo lililokuwa na matokeo ya mbali zaidi lilitokea mwaka 1977. Wizara ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikiyaweka maradhi yote mawili chini ya mwavuli mmoja, kukiwa na mratibu katika kila wilaya. Kwa haraka mtu anaweza kuona ni suala la kupunguza gharama za utawala, na kwa sehemu ndivyo. Lakini kuna mantiki ya kitabibu pia. Maradhi yote mawili hutoka kwa adui aliyejificha, yote yanahitaji dawa za muda mrefu, na yote yanaharibika kwa namna moja: mgonjwa anapopata nafuu anaacha dawa, na bakteria waliosalia vifukoni wanarudi wakiwa wagumu zaidi.

Mshauri wa mpango huo alikuwa Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Akifanya kazi na wataalamu wa Tanzania, alionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wengi wa kifua kikuu kwa dawa za muda mfupi zaidi, mradi mhudumu amshuhudie mgonjwa akimeza na kila mgonjwa aandikwe katika rejista hadi mwisho wa tiba. Matokeo ya Tanzania ndiyo yaliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani katikati ya miaka ya 1990 kuunda mkakati ulioenezwa duniani kote. Rejista zile kubwa zilizochakaa kwenye meza za waratibu wa wilaya zina heshima kuliko zinavyoonekana.

Haitakuwa haki kumpa waziri mmoja sifa zote za kazi hiyo. Mpango wa aina hiyo ni wa maofisa tabibu, wauguzi na waendesha baiskeli na pikipiki ambao majina yao hayamo katika vitabu. Wala kipindi chake hakikuwa cha mafanikio matupu. Sheria ya mwaka 1977 iliyozuia hospitali binafsi za biashara ilipendwa na wengi na kulaumiwa na wengi, na baadaye ilibadilishwa. Uchumi ulidorora, vita vya Kagera vikala fedha, na zahanati nyingi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi zilibaki na rafu zisizo na dawa. Mwaka wa mpango, 1977, ulikuwa pia mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu chake cha maisha, Tanzanian Doctor. Kichwa hicho chenyewe kinaeleza alivyojiona.

Ukoma, wakati huo, ulikuwa umeanza kulipiza kisasi. Dapsoni ikitumiwa peke yake kwa miaka mingi ilizaa usugu, uliothibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya Stirling kuondoka wizarani, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto: rifampisini, klofazimini na dapsoni kwa pamoja. Dozi moja ya rifampisini huua zaidi ya asilimia 99 ya bakteria wa ukoma walio hai. Klofazimini ina tabia ya kurundikana ndani ya makrofaji, yaani palepale adui alipo, na ndiyo maana humfanya mgonjwa awe mweusi zaidi kwa muda. Wagonjwa wengi huogopa mabadiliko hayo ya rangi na kuacha dawa. Ni vyema ijulikane kwamba rangi hurudi pole pole baada ya tiba. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto miaka ya 1980, na mwishoni mwa mwaka 2006 ilifikia kiwango cha kitaifa cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000.

Sayansi ya kihenge na mwizi nayo haikusimama. Katika miaka 20 iliyopita watafiti wameuliza swali ambalo kizazi cha Stirling hakikuwa na vyombo vya kuliuliza: seli inajuaje kwamba kifuko fulani ndani yake kimetekwa, wakati utando wa kifuko hicho ni utando wake mwenyewe? Seli ina vifuko vyake mwenyewe kwa wingi, na ikishambulia ovyo itajiua. Majibu yamekuja vipande vipande. Jibu moja ni kwamba kifuko kikichanika, sukari ambazo kwa kawaida hukaa upande wa ndani huonekana upande wa nje, na protini ziitwazo galektini huzishika mara moja na kupiga mbiu. Jibu jingine ni kwamba vifuko halali vya seli vina alama zinazosema hiki ni chetu, na protini fulani zinazochochewa na interferoni huvamia utando usio na alama hizo. Hukitoboa kifuko au hukiwekea chapa iitwayo ubikwitini. Kilichopigwa chapa huzungushiwa utando mpya na kupelekwa kwenye lisosomu kusagwa. Njia hiyo ya seli kula vilivyo vyake ilimpatia mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Kutoka hapo hadi kwenye dawa ya kidonge bado ni mbali, na itakuwa kosa kuahidi zaidi. Ila mwelekeo unaeleweka: badala ya kumtafuta bakteria kwa sumu kali zaidi, kuisaidia seli imwone mgeni aliyeko ndani ya nyumba yake. Kwa bakteria waliokwisha kuwa sugu, huenda hiyo ndiyo njia itakayobaki.

Stirling aliishi kustaafu kwa miaka zaidi ya 20, akafariki mwezi Februari 2003. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyezaliwa mwaka 1938, miaka mitatu baada ya daktari yule kuanza kazi wilayani humo. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa, na safari iliyowahi kukatika kila masika ikawa ya basi. Kwa mtu aliyeijua kusini ya machela, ni miezi michache tu aliyoikosa.

Ugonjwa haukuondoka na watu wake. Kuanzia mwaka 2015 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojaribu kuwapa dozi moja ya rifampisini watu wanaoishi na mgonjwa wa ukoma, kabla hawajaonyesha dalili. Wilaya zilizochaguliwa zilikuwa Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Nanyumbu ilikuwa sehemu ya Masasi hadi ilipogawanywa, na Liwale ni jirani ya Nachingwea alikofanyia kazi Stirling. Uchaguzi wa wilaya hizo ulifuata takwimu za wagonjwa, si historia, lakini ramani ni karibu ileile.

Nikiwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hapa Chiwata, nilikaa karibu na mama aliyekuja na mwanawe wa miaka kama kumi. Mtoto alikuwa na baka mgongoni, jeupe kidogo kuliko ngozi yake. Mama alidhani ni fangasi na alikwisha kulipaka dawa ya dukani kwa miezi kadhaa. Mhudumu alimwambia mtoto afumbe macho, akaligusa baka kwa ncha ya pamba, kisha akagusa pembeni. Mtoto alitakiwa aonyeshe kwa kidole kila alipoguswa. Pembeni alionyesha. Kwenye baka kidole hakikwenda popote.

Mama alichukuliwa chumba cha ndani, mlango ukafungwa, kwa sababu neno lenyewe bado lina uzito wa zamani katika vijiji hivi. Alipotoka alikuwa na karatasi ya dawa ya miezi sita ya wagonjwa wenye mabaka machache, isiyolipiwa, na tarehe ya kuwaleta wengine wa nyumbani wapimwe. Kidonge cha mwezi mtoto alikimeza palepale, mbele ya mhudumu, kwa kikombe cha maji. Vilivyobaki mama alivifunga kwenye ncha ya khanga.